UZI: Makaburi ya watumwa kwenye mashamba makubwa ya Karibiani na Marekani – yanavyotafutwa, yanavyopimwa, na nani mwenye kauli

Mchanga_Mwekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kuna mdau aliuliza kwenye uzi wa historia ya biashara ya utumwa: wale waliofia kwenye mashamba ya miwa, pamba na tumbaku ng'ambo ya bahari walizikwa wapi, na panajulikanaje ikiwa hakuna jiwe wala jina? Swali hilo linastahili uzi wake. Nitaanza mimi, na wenye ujuzi wa nyaraka, vipimo na sheria waongezee.

Naanzia Barbados, shamba la Newton, parokia ya Christ Church (parokia hapa ni eneo la utawala, kama wilaya). Inakadiriwa watu 570 walizikwa pale kati ya miaka ya 1660 na 1820 hivi. Watafiti Jerome Handler na Frederick Lange walichimba mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakapata mabaki ya watu 104. Makaburi yako kwenye mteremko ambako mwamba uko karibu na uso wa ardhi. Hilo ni la kushika tangu mwanzo: mwenye shamba hakutoa ardhi nzuri kwa ajili ya maiti wa watumwa. Ukitafuta makaburi ya namna hii, angalia pale ambapo miwa isingeleta faida: penye mwamba, kwenye mteremko, ukingo wa kijito, mpakani mwa shamba na shamba, au kwenye kichaka kilichoachwa peke yake katikati ya miwa. Mkulima hakatizi mistari yake ya miwa bila sababu.

Kaburi namba 72 la Newton linajulikana kuliko mengine. Alizikwa mwanamume mtu mzima, mwishoni mwa karne ya 17 au mwanzoni mwa karne ya 18. Alivaa bangili na pete za madini, alikuwa na kisu cha chuma na kiko cha udongo cha mtindo wa Afrika Magharibi. Shingoni alikuwa na mkufu wa kauri (makombe madogo ya baharini), meno ya mbwa yaliyotobolewa, pingili za uti wa mgongo wa samaki mkubwa, shanga za kioo, na ushanga mmoja mkubwa wa akiki nyekundu. Watu wa pwani wanaijua akiki hiyo. Shanga za namna hiyo kutoka Khambhat, India, zimeokotwa katika miji yetu ya kale. Kauri nazo ni za Bahari ya Hindi. Mtu amefungwa minyororo, amevushwa Atlantiki, na bado jamaa zake shambani walipata namna ya kumzika kwa heshima ya mtu mkubwa. Wengi wanamwona kuwa alikuwa mganga.

Mifupa ya Newton ilisema mengine pia. Ilikutwa na risasi nyingi, madini yale ya sumu, na watafiti walihusisha hali hiyo na ramu iliyopikwa kwa mitambo yenye risasi. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa isotopu (alama za kikemia zinazoonyesha mtu alikulia wapi) kwenye meno ya watu 25: saba walikuwa wamezaliwa Afrika, waliobaki walizaliwa kisiwani.

Lakini yale ni mambo ya miaka ya 1970, wakati mtafiti alichimba kwanza akauliza baadaye. Leo utaratibu umegeuka, na kufukua ni hatua ya mwisho kabisa. Bi Nyaraka, karibu.

Bi_Nyaraka

Ahsante mkuu. Kazi inaanzia mezani, na ukiruka hatua hii utapoteza fedha za vipimo mahali pasipo na kitu.

Kwa makoloni ya Mwingereza kuna madaftari ya watumwa. Barbados yalianza 1817 na kurudiwa kila baada ya miaka mitatu hadi 1834. Kila mwenye shamba alitakiwa kuorodhesha watu wake kwa majina, pamoja na waliozaliwa na waliokufa tangu daftari lililopita. Ukijumlisha vifo vya shamba moja unapata makadirio ya chini ya makaburi unayotakiwa kuyatafuta. Ukitafuta makaburi 30 wakati daftari linaonyesha vifo 140, ujue hujafika mwisho wa uwanja.

Marekani ni kugumu zaidi. Sensa za 1850 na 1860 ziliandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye mali, bila jina la mtumwa mwenyewe. Wengi wao majina yanaonekana kwa mara ya kwanza kwenye sensa ya 1870. Kwa hiyo unaziba pengo kwa vitu vinne: orodha za mirathi (bwana akifa, watumwa wanaandikwa kwa majina na bei pamoja na ng'ombe na majembe), jedwali la vifo la sensa ambalo lilichukua vifo vya miezi 12 kabla ya tarehe 1 Juni, kumbukumbu za ofisi ya serikali ya watu walioachwa huru ya 1865 hadi 1872, na madaftari ya benki yao, ambamo mteja aliulizwa majina ya wazazi na hata shamba alikotoka.

Msisahau vyeti vya vifo vya karne ya 20. Uwanja uliozikiwa watumwa mara nyingi uliendelea kutumiwa na watoto na wajukuu wao waliobaki kama wapangaji wa mashamba. Cheti cha mwaka 1925 kinaweza kutaja mahali pa kuzikwa kwa jina la shamba. Hapo umepata mambo mawili kwa mpigo: mahali, na ukoo ambao bado una watu hai.

Halafu ramani. Weka ramani ya karne ya 19 juu ya picha ya anga ya miaka ya 1930 au 1940, kabla matrekta makubwa hayajasawazisha kila kitu, kisha juu ya picha ya setilaiti ya leo. Tafuta alama tatu au nne ambazo hazijahama, kama njia panda, bomba la moshi la kiwanda cha sukari au pembe ya mfereji, uzitumie kuzilinganisha. Ramani ya zamani inaweza kukosea kwa mita 20 hadi 50, kwa hiyo chora duara la eneo la kutafuta, usichome nukta moja.

Kule Louisiana, parokia ya St. James, kandokando ya Mississippi, eneo lililopangiwa kiwanda kikubwa cha plastiki lilikuwa na makaburi yaliyoonyeshwa kwenye ramani za karne ya 19 ambayo upimaji wa kwanza haukuyatambua. Yale ya shamba la Buena Vista yalithibitishwa 2019. Tarehe 19 Juni 2020 wakazi waliweza kuingia kufanya ibada kwa sababu tu walipata amri ya mahakama.

Mdau_wa_Lindi

Uzi umetulia. Naomba kuuliza: hii rada ya kupenya ardhi inayotumika kutafuta makaburi, inaona mifupa? Watu wanasema ukipita nayo unaona mtu kalala chini.

Kipimo_Sahihi

Mkuu, haioni mifupa. Inaona tofauti. Mtu akichimba kaburi anavuruga matabaka, na udongo ukirudishwa unakuwa mchanganyiko wa juu na chini, na unashika maji tofauti na udongo wa pembeni. Mawimbi ya rada yanarudi tofauti pale. Kama jeneza bado lina uwazi, alama inakuwa kali zaidi. Kama mbao zimeoza na udongo umejaa, unapata kivuli tu cha shimo.

Vipimo vya kazi ni hivi. Antena inayotumika zaidi ni ya megahezi 400 au karibu na hapo. Kwenye mchanga mkavu inafika mita 2 hadi 3. Kwenye mfinyanzi uliolowa unaweza usifike hata mita 1, na hakuna namna ya kulazimisha. Ndiyo maana Georgia pwani inafanya kazi vizuri na mabonde ya Mississippi yanasumbua.

Makaburi ya Kikristo yanalala mashariki–magharibi. Kwa hiyo mistari yako ya kupima iende kaskazini–kusini, ikate kaburi kwa upana wake. Ukipita sambamba na makaburi, mstari mzima unaweza kupenya katikati ya safu mbili usione chochote.

Nafasi kati ya mstari na mstari ndipo watu wanapobania muda. Chukua uwanja wa mita 20 kwa 20. Kwa nafasi ya sentimita 50 una mistari 41, yaani mita 820 za kutembea. Kwa sentimita 25 una mistari 81, mita 1,620. Kazi inakuwa mara mbili. Lakini kaburi la mtoto lenye urefu wa sentimita 80, kwa nafasi ya 50 linakatwa na mstari mmoja au miwili, na alama moja ya peke yake mchambuzi anaitupa akidhani ni mzizi. Kwa nafasi ya 25 linakatwa na mistari mitatu au minne, na hapo linajitetea. Kwenye mashamba haya watoto walikufa kwa wingi. Anayepima kwa nusu mita kuokoa siku moja amewafuta watoto kwenye ramani. Hilo mimi silikubali hata bajeti iwe ndogo vipi.

Makosa mengine ya kila siku: nyasi ndefu zinazoinua antena (fyeka hadi sentimita 5, kwa mkono, usipitishe trekta); mizizi na mashimo ya wanyama ambayo yanatoa alama ya upinde kama kaburi; na kutosawazisha kasi. Mawimbi yanakwenda kama sentimita 15 kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde) kwenye mchanga mkavu, na kama 6 kwenye mfinyanzi mbichi. Ukiweka kasi ya mchanga kwenye mfinyanzi, kaburi lenye kina cha mita 1 utaliandika liko mita 2.5. Kila uwanja upimiwe kasi yake.

Ripoti nzuri haisemi "makaburi 63". Inasema alama 40 ni makaburi kwa uhakika mkubwa, 15 yawezekana, na 8 hazijulikani. Tena inaandika wazi sehemu ambazo rada haikupenya, maana pasipoonekana kitu si lazima pawe patupu.

Mchanga_Mwekundu

Niongezee la kutembea kwa miguu, ambalo linatangulia rada. Fanya majira ya baridi au ukame, majani yakiwa machache, asubuhi au jioni jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni unaonyesha vibonde. Jeneza likioza na kuporomoka, ardhi inadidimia, ikiacha kibonde cha urefu wa mita 1.5 hadi 2 chenye kina cha sentimita 5 au 10 tu. Kibonde kimoja si hoja. Vibonde sita vinavyoelekea upande mmoja ni hoja. Tafuta jiwe dogo lisilochongwa lililosimamishwa, na lingine mita mbili mbele yake: kichwani na miguuni. Angalia mimea iliyopandwa kwa mkono, kama yuka, mierezi, na vinka inayotambaa yenye maua ya zambarau.

Sasa jambo linaloniuma. Kusini mwa Marekani, hasa pwani ya Carolina Kusini na Georgia, watu waliweka juu ya kaburi vitu vya mwisho vya marehemu: kikombe, sahani, taa, chupa ya dawa, makombe ya baharini. Vingi vilivunjwa makusudi wakati wa kuwekwa. Wanakuja watu wa kujitolea wenye nia njema, wanaona vigae na chupa, wanakusanya "takataka" kwenye mifuko na kupeleka jalalani. Kwa asubuhi moja wamefuta alama za makaburi zilizodumu miaka 150. Kabla ya reki kugusa ardhi, kila kitu kilicho juu kipigwe picha pamoja na rula na mshale wa kaskazini, kipewe namba, kiwekwe kwenye ramani, kisha kiachwe palepale. Mawe pia yasisogezwe hata kidogo "ili yapange mstari".

Shangazi_Zuhura

Mmeeleza vyombo vizuri wanangu. Mimi nataka tuzungumzie wenye watu wao.

Kisiwa cha Sint Eustatius, Karibiani ya Uholanzi, mwaka 2021. Karibu na uwanja wa ndege, mahali palipokuwa na shamba la Golden Rock, kulichimbwa kwa ajili ya upanuzi wa uwanja huo, na mabaki ya watu zaidi ya 60 yakatolewa ardhini. Wengi kisiwani walijua habari hizo kazi ikiwa imeshakwenda mbali. Waliandamana, wakaandika barua, na katikati ya mwaka huohuo uchimbaji ukasimamishwa. Baadaye iliundwa tume ya kupitia jambo zima. Watu wale hawakupinga elimu. Walipinga kutoulizwa: nani aliruhusu, mifupa imewekwa wapi, sampuli zitapelekwa nchi gani, zitarudi lini.

Somo hili lilikwishatolewa New York. Mwaka 1991 ujenzi wa jengo la serikali ulifukua makaburi ya Waafrika ya karne ya 17 na 18, na kelele za wananchi ndizo zilizobadilisha mkondo. Kazi ilihamia Chuo Kikuu cha Howard chini ya mwanaanthropolojia Michael Blakey, ambaye alisimamia msimamo kwamba mteja wa kimaadili wa mtafiti ni jamii ya wazao, hata kama anayelipa ni mwingine. Watu 419 walizikwa upya Oktoba 2003. Huo ulikuwa uwanja wa mjini, lakini kila mradi wa mashamba tangu hapo unapimwa kwa kipimo hicho.

Kwa vitendo, kabla ya chombo chochote kuingia shambani paitishwe kikao, na majibu ya haya yaandikwe na kutiwa sahihi. Je, tunapima tu juu ya ardhi au tunagusa udongo? Kukikutwa mfupa, nani anaitwa kwanza, na kazi inasimama kwa muda gani? Nani ana haki ya kusema hapana na neno lake likasimama? Sampuli ya kuharibu jino au mfupa iruhusiwe au la? Watu waelezwe ukweli kwamba kipimo cha asili ya mtu kinakula ganda la jino kidogo, na kwamba DNA mara nyingi inatolewa kwenye mfupa mgumu wa sikio la ndani, kwa kutoboa. Mtu asiyejua hilo hajaridhia chochote.

Na mzao ni nani? Ukidai cheti cha nasaba hadi babu aliyezikwa pale, utawatoa wote, kwa sababu mfumo uleule ndio uliofuta majina. Utaratibu unaofaa unawapokea wenye nasaba iliyothibitishwa, familia ambazo simulizi zao zinataja shamba lile, na kanisa au mtaa uliotoka kwenye shamba hilo.

Kipimo_Sahihi

Shangazi, nakubali karibu yote, ila mimi naona kuna mahali kufukua kunafaa. Barabara ikiwa inakuja na mahakama imeshindwa kuizuia, heri wahamishwe kwa mkono wa wataalamu kuliko kuachiwa tingatinga.

Shangazi_Zuhura

Mwanangu, hilo silipingi, lakini lije mwisho na si mwanzo. Mara nyingi "barabara inakuja" husemwa kabla mtu hajauliza kama inaweza kupinda mita 40.

Mchanga_Mwekundu

Kuna njia ya kati. Kwenye mradi wa ujenzi unaweza kuthibitisha mipaka bila kumfikia marehemu. Unatumia mashine yenye ndoo isiyo na meno, inakwangua sentimita 5 hadi 10 kwa mara moja, mtaalamu amesimama mbele ya ndoo akiangalia rangi. Chini ya tabaka lililolimwa, mdomo wa kaburi unajitokeza kama mstatili wenye madoadoa katikati ya udongo wa rangi moja. Ukiuona, simamisha mashine, safisha kwa mwiko, piga picha, pima, funika kwa kitambaa cha kuchuja maji, rudisha udongo. Umepata idadi na mpaka, na hakuna aliyeguswa. Kosa la kawaida ni kukwangua eneo dogo mno. Endelea hadi upate angalau mita 8 hadi 10 tupu kila upande baada ya kaburi la mwisho, maana safu zina mapengo.

Upande wa sheria kwa ufupi. Marekani, sheria ya 1990 ya kurejesha mabaki inahusu jamii za wenyeji wa asili wa Amerika tu. Sheria ya uhifadhi ya 1966 inalazimisha uchunguzi pale tu penye fedha au kibali cha serikali kuu. Mwishoni mwa 2022 ilipitishwa sheria ya kuhifadhi makaburi ya Waamerika Weusi, yenye mpango wa ruzuku chini ya idara ya hifadhi za taifa. Kwenye ardhi binafsi, tegemeo kubwa linabaki sheria za jimbo. Virginia, kwa mfano, inamlazimu mwenye ardhi kuruhusu wazao kuingia kutembelea makaburi.

Kaskazi_39

Wadau, hili lina uhusiano na kwetu moja kwa moja. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kwa mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Mascarene, yaani Mauritius na Réunion ya leo. Kwenye makaburi ya zamani ya Le Morne, Mauritius, yaliyochimbwa tangu 2010, DNA iliwaelekeza baadhi ya waliozikwa Madagaska na upande wa Msumbiji. Kwa hiyo tunaposema "wazao", na sisi tumo.

Sasa swali: mbinu hizi zitafaa kwenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, au ya nafaka Malindi?

Kipimo_Sahihi

Zitafaa, kwa marekebisho. Kwenye pwani yetu kibla ni kaskazini, karibu kabisa. Maiti wa Kiislamu analazwa ubavu wa kulia akielekea kaskazini, kichwa mashariki. Maana yake kaburi nalo linalala mashariki–magharibi kama la Kikristo, na mistari ya rada inabaki kaskazini–kusini. Tofauti iko ndani. Hakuna jeneza wala misumari, kwa hiyo magnetomita (chombo kinachohisi chuma na sumaku ya udongo) haitakusaidia. Mwanandani (shimo la ndani analolazwa maiti) ukiwa bado na uwazi chini ya kiunza (mbao za kuufunika), rada inaweza kuuonyesha pembeni kidogo mwa shimo, usidhani ni kosa la chombo. Ukishaporomoka, una kivuli cha shimo tu. Penye mwamba wa matumbawe, mashimo ya asili yatakudanganya sana, kwa hiyo pima kwanza kipande kisicho na makaburi ili ujue mwamba wenyewe unaonekanaje.

Shangazi_Zuhura

Na kabla ya rada, waulizwe wazee wa shehia. Swali lisiwe "watumwa walizikwa wapi?" Hakuna atakayenyoosha kidole, maana majirani zake watajulikana nasaba zao kwa jibu hilo. Uliza "makaburi ya zamani ya shamba hili yako wapi, na nani anayasafisha?" Uliza miti isiyokatwa. Jina la ukoo wa mtu lisiandikwe kwenye ripoti bila ridhaa yake.

Mdau_wa_Lindi

Swali la mwisho kwa leo: ukishapata alama za GPS, unaziweka wazi mtandaoni ili watu wajue?

Bi_Nyaraka

Hapana, mkuu. Wapo wanaofuata makaburi kwa vyombo vya kutafutia chuma ili kuokota vifungo na shanga. Tunaandaa ramani mbili. Ya kwanza ina kila kaburi kwa usahihi wa sentimita 2 hadi 3, kwa GPS ya kisasa yenye kituo cha kusahihishia. Hiyo inakaa kwa kamati ya wazao, kwa mamlaka ya mambo ya kale, na kwenye ofisi ya ardhi ili mpaka uandikwe kwenye hati ya kiwanja. Usitumie simu kwa hiyo ya kwanza, simu inakosea mita 3 hadi 5 na kaburi zima lina mita 2. Ya pili ni ya umma, inaonyesha eneo kwa ujumla tu. Na hati ya kiwanja ndiyo ya kuhimiza zaidi: shamba likiuzwa, mnunuzi hasomi ripoti ya mtafiti, anasoma hati.

Mchanga_Mwekundu

Kwa aliyeuliza kwa ujumbe kama ukumbusho wa Newton una uhusiano na kwetu: ndiyo, mchoro uliotangazwa Barbados ilipokuwa jamhuri mwaka 2021 ni wa msanifu majengo David Adjaye, mzaliwa wa Dar es Salaam. Mchoro huo una nguzo za mbao 570 kwa ajili ya wale 570. Kesho nitaweka fomu ya kujaza uwandani, ukurasa mmoja kwa kila kaburi: namba, uelekeo kwa nyuzi, urefu na upana wa kibonde, jiwe la kichwa na la miguu, vitu vya juu, mimea, hali ya uharibifu, na jina la aliyejaza.